Kamusi Yenye Jalada Jeusi

Tangu nistaafu, lile kundi letu la wakalimani kwenye simu halijanipa pumziko. Wiki iliyopita mlishinda mkibishana kama mkalimani wa mahakama atumie kamusi ya karatasi au kamusi ya simu, na mwisho wake Derrick akaandika: mwulizeni Mama Zaituni, yeye ndiye mwenye lile lijitabu jeusi. Haya, mmeniuliza. Msije mkalalamika kwamba jibu ni refu, maana maisha yangu yote nimelipwa kusema maneno ya watu wengine bila kuongeza la kwangu, na sasa ninayo ya kwangu.

Habari za vyeo na mishahara waulizeni waliovipata. Mimi nitawaambia nilivyoanza, nani alinifundisha, na siku moja pale Mbale ambayo mpaka leo nikiikumbuka mikono inanitoka jasho.

Baba yangu alikuwa Mgisu wa Wanale, dereva wa lori la kahawa. Kazi yake ilikuwa njia ya Malaba kwenda Mombasa na kurudi, na Kiswahili alichokileta ndicho tulichoongea mezani, ingawa jirani walituona watu wa ajabu. Ndicho kilichonipa kazi. Mahakama ya Jinja ilitafuta mtu wa Lumasaba, lugha yetu Wagisu, na Kiswahili, mwenye Kiingereza cha kutosha kusimama mbele ya hakimu, nikapelekwa huko na sanduku langu.

Siku ya kwanza nilipewa mzee mmoja wa Mafubira aliyeshtakiwa kupokea mabati ya wizi. Karani akasema mzee anajua Kiswahili. Nikamsomea shtaka kwa Kiswahili changu cha Mombasa, kimenyooka, nikijisikia kweli kweli. Mzee akabana mikono mapajani, akainua kidevu, akasema, "Ndiyo, afande." Nikamwuliza kama ameelewa. Ndiyo, afande. Nikamwuliza kama anakubali kosa. Ndiyo, afande. Hakimu akashika kalamu aandike. Jasho lilikuwa linamshuka mzee shingoni, nami nikadhani ni joto la Jinja.

Nyuma yangu mtu akakohoa, akasimama, akaomba ruhusa. Ndiye Mzee Isabirye, mkalimani mkuu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Akamsogelea mshtakiwa, akazungumza naye Lusoga, lugha ya huko Jinja, polepole, kama mtu anayeuliza habari za shamba. Mzee yule akaanza kulia. Ikajulikana kwamba mara ya mwisho kuulizwa swali kwa Kiswahili aliulizwa na wanajeshi, miaka ile ya utawala wa jeshi, na wale waliojibu hapana hakuwaona tena. Tangu hapo swali lolote la Kiswahili kwake jibu lake lilikuwa moja. Shtaka likasomwa upya kwa Lusoga, na mzee akakana kila kitu.

Tulipotoka nje Isabirye hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mtu akiogopa, ndiyo yake si ndiyo, na kazi yangu ya kwanza kabla ya maneno yoyote ni kutazama mtu anatazama nini. Sikumwelewa. Nilidhani ananipa maneno ya wazee ya kunifariji.

Kiswahili cha Isabirye kilikuwa cha kambini kwa askari, hakijali hiki wala kile, lakini alichojua alikijua. Alinifundisha kusema "mimi" pale shahidi anaposema "mimi", nisiseme "anasema kwamba." Alinifundisha nikitafsiri nimtazame hakimu na bega langu liwe upande wa shahidi, ili watu wasisahau nani anayesema. Alinikataza kutafuna tangawizi wakati wa kiapo. Na kuhusu kamusi alikuwa na sheria moja, ambayo hakukubali ivunjwe hata na majaji.

"Neno kama iko, sema," aliniambia. "Kama haiko, usitengeneze yako. Inua mkono, waambie unatafuta, na kitabu ifungue hapo mbele, yule mtu aone."

Nikamwuliza, na kama mtu mwenyewe hajui kusoma? Akanitazama kama niliyeuliza maji yanalowesha au la. Akasema hasa huyo.

Basi kamusi ilikaa mezani, imefungwa, mahali mshtakiwa anapoiona. Usipojua neno unainua mkono, unasema, "Mheshimiwa, naomba kutafuta neno," unaifungua, na ukilipata unaigeuza kidogo upande wa yule anayeshtakiwa kabla ya kulisema. Wengine waliinama kuangalia. Wengine walitazama dirishani. Mawakili walikuwa wakivuta pumzi na kutazama saa. Isabirye hakuwa na haraka ya mtu.

Kamusi yenyewe ilikuwa ya Kiswahili na Kiingereza, nene, mali yake, na aliponiachia ilikuwa imepoteza jalada. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa viti vya magari, Kalasinga, mwenye karakana nyuma ya barabara kuu. Akaicheka kwanza, kisha akaivika ngozi bandia nyeusi iliyobaki kwenye kiti cha lori, akaipitishia mstari wa chuma cha moto pembezoni, kwa sababu, alisema, yeye hatoi kazi isiyo na mstari. Isabirye alipoiona alicheka mpaka akashika ukuta. "Umetengeneza Biblia," akasema. Tukacheka wote wawili, na nikaibeba hivyo miaka yote, Jinja na baadaye Mbale nilipohamishiwa.

Simu zilikuja nikiwa Mbale, na Derrick naye akaja nazo. Mnamjua, hana haja ya kusifiwa, ana masikio mazuri na ulimi mwepesi, na siku ya kwanza aliuliza kama kitabu changu kina bima. Sikatai kwamba kamusi yake ilinishinda mara nyingi. Kulikuwa na dereva Mkenya aliyeshtakiwa kwa ajali ya lori, naye akaanza kueleza habari za breki za upepo, vali moja baada ya nyingine, na kamusi yangu ilichapishwa kabla lori lile halijaundwa. Derrick akayatoa maneno yote kwenye simu kabla sijafika herufi yenyewe. Nilimshukuru mbele za watu na nikanuna mpaka jioni.

Lakini kitu kimoja kilinisumbua. Derrick alipotafuta neno aliinamia simu, akiishika chini ya meza ili asimkere hakimu, akainua kichwa na jibu. Kwake ilikuwa adabu. Huko nje kwenye korido nilisikia jamaa za washtakiwa wakinong'ona: yule kijana anatumiwa ujumbe, kuna mtu anamwambia aseme nini. Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Mama, hiyo ni mambo ya zamani, sasa kila mtu ako na simu." Nikamwacha. Mtu huwezi kumfundisha kitu ambacho hakijamuuma.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Mshtakiwa aliitwa Mafabi, mbeba magunia wa Namatala. Alishtakiwa kwamba jioni moja, ghala la mahindi likifungwa, yeye na wenzake ambao hawakukamatwa walimvamia mlinzi, wakampiga na kuchukua mali. Mashahidi wawili walishika Biblia wakasema walimwona pale ghalani kwa macho yao. Mafabi alisema saa hiyo alikuwa Wanale, amembeba baba mkwe wake mgongoni kumpeleka zahanati. Tayari alikuwa amekaa rumande muda mrefu, mke wake Khainza ana watoto wadogo, na kifungo cha kosa lile si cha kuhesabu kwa miezi. Yeyote aliyekaa ndani ya chumba kile alijua kwamba akikosa shahidi, amekwisha.

Shahidi alikuwepo mmoja tu. Baba mkwe mwenyewe alipatwa na kiharusi jioni ile na hajasema neno tangu siku hiyo. Majirani waliomwona Mafabi akishuka naye mlimani waliogopa polisi, wakasema hawakuona kitu. Watu wa zahanati walimkumbuka mgonjwa na mke wake, lakini mtu aliyembeba hawakumwona, kwa sababu alibaki nje. Alibaki nje kwa sababu mama mkwe wake alikuwa ndani. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawataji majina, wakikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Heshima ile ile iliyomweka nje ya mlango ndiyo iliyomnyima watu wa kumtetea.

Akabaki Mama Khainza, mama mkwe. Kusimama mbele ya mkwe wake, kwenye chumba kimoja, na kumsema, ni jambo ambalo wazee wa kule juu walimkataza waziwazi. Mara tatu kesi ilisikilizwa na kuahirishwa, na mara tatu niliona mwanamke amekaa benchi la mwisho, amejifunika leso kubwa mpaka kwenye nyusi, akitazama mbele tu, upande wa meza yetu, jicho lake lisije likaangukia upande wa kizimba. Sikujua ni nani. Siku alipoitwa ndipo nikamjua.

Wakili wa Mafabi aliomba mshtakiwa ageuzwe atazame ukuta. Hakimu, mama aliyetoka magharibi ya nchi, asiyejua mambo yetu, aliuliza kwa nini. Akaelezwa. Akafikiri kidogo, akakubali, na askari magereza wakamgeuza Mafabi, akasimama na mgongo wake kwetu. Mama Khainza akaja polepole, leso imeshuka mpaka machoni, anatazama sakafu.

Chumba kile kilikuwa kidogo, na meza ya mkalimani ndiyo hiyo hiyo ya vitabu vya kiapo. Juu yake kulikuwa na Biblia, Msahafu umefungwa kitambaa chake, na pembeni kamusi yangu. Karani alikuwa na mazoea ya kusema "shika kitabu chako" bila kuinua kichwa kwenye karatasi zake. Nami, kama nilivyofundishwa, nilimtazama hakimu. Nikatafsiri kiapo kwa Lumasaba, Mama Khainza akakirudia kipande kwa kipande kwa sauti ndogo isiyotetemeka, tukaanza.

Alisema vizuri. Alisema mume wake alianguka mlangoni, mvua imeharibu njia, pikipiki hazipandi. Mkwe wake alikuwa amekuja kuwaona, amekaa nje kama inavyopasa. Akamwinua mzee, akamweka mgongoni, akashuka naye. Yeye alifuata nyuma ameshika mguu wa mume wake, hakuinua macho njia nzima.

Mwendesha mashtaka akasimama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kazi. Akamwuliza, huyu mkwe wako, umewahi kumtazama uso? Akajibu, sijawahi. Basi unajuaje kwamba aliyekuwa mbele yako jioni ile ndiye yeye?

Mama Khainza akasema, "Nilitazama visigino vyake mpaka zahanati. Cha kushoto kina magaga. Ufa mmoja umepanda juu, aliushona kwa uzi wa magunia."

Hayo aliyasema kwa Lumasaba, na kwa Kiswahili neno nilikuwa nalo, magaga, mipasuko ile ya mguu wa mtu anayekanyaga udongo na saruji. Kwa Kiingereza sikuwa nalo. Ningeweza kuzunguka, kusema ngozi iliyopasuka, lakini mwendesha mashtaka alikuwa anasubiri neno na mimi sitengenezi la kwangu. Nikainua mkono wa kulia kuomba, na wa kushoto nikaupeleka kwenye kamusi.

Mkono ukagusa meza tupu.

Nikatazama. Biblia ipo. Msahafu upo. Nikageuza macho kwa shahidi, na pale chini ya leso, amekumbatia kitu kifuani kwa mikono miwili, nikaona pembe nyeusi na ule mstari wa fundi wangu wa Jinja. Mwanamke huyu alikuwa ameapa kwa kamusi.

Mkono wangu bado uko juu. Hakimu ananitazama juu ya miwani. Ndipo nikahisi kitu kinanigusa ubavuni. Derrick alikuwa amekaa nyuma yangu akisubiri kesi yake, na yeye alikuwa ameona. Alinisogezea simu yake chini ya meza, imewaka, neno lenyewe liko wazi kwenye kioo.

"Tumia hii, Mama," akanong'ona. "Endelea tu."

Sikilizeni, wanangu. Neno lilikuwa pale. Ningelisoma, ningelisema, na hakuna mtu angejua chochote. Mama Khainza angerudisha kitabu mezani, Mafabi angekuwa na shahidi wake, na mimi ningekunywa chai. Nikisema, mwendesha mashtaka ataruka. Atasema shahidi hajaapa. Atasema ushahidi wote si kitu. Na huyu mama aliyevunja mwiko wa ukoo mzima kufika pale, akifokewa kidogo tu, atafunika uso na kupanda mlima wake, hatarudi tena. Nilijua haya yote, na simu ile ilikuwa inanipa joto kwenye mbavu.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo mahakamani, wala kwa majambazi. Lakini mkono nilishauinua, na mkono ukiinuliwa watu wote wanatazama.

Nikaisukuma simu nyuma. "Mheshimiwa," nikasema, "naomba kutafuta neno. Lakini kamusi yangu ameishika shahidi."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha karani akainua kichwa, kwa mara ya kwanza siku ile nadhani, akatazama meza, akatazama leso, na uso wake ukabadilika. Mwendesha mashtaka akasimama polepole. Alisema kwamba hilo si jambo la kucheka. Alisema shahidi amechagua kitabu kisicho na Mungu ndani yake ili aseme uongo bila kuogopa, na kwamba anaomba maneno yake yote yafutwe. Kisha akaongeza kwamba kwa kuwa kitabu ni cha mkalimani, mkalimani naye asitafsiri tena mpaka jambo hili lieleweke.

Hakimu akakubali. Nikaambiwa nikae. Derrick akaapishwa mahali pangu.

Nilikaa benchi la mbele mikono mapajani kama yule mzee wa Mafubira. Siruhusiwi kusema. Hakimu akauliza, kupitia kwa Derrick: mwulize shahidi kama alijua kwamba kile si kitabu kitakatifu.

Derrick akauliza. Lumasaba yake ni nzuri, alisema sawasawa. Mama Khainza akanyamaza. Hakimu akarudia. Derrick akauliza tena, kwa adabu zaidi. Kimya. Mwendesha mashtaka akafungua mikono, kana kwamba jibu limeshatolewa. Hakimu akasema atauliza mara moja tu ya mwisho.

Mimi niliona. Mama Khainza hakuwa anatazama sakafu tena. Alikuwa anatazama mkono wa Derrick, na ndani ya mkono wa Derrick kulikuwa na simu, bado inawaka. Nilitaka kupiga kelele. Niliuma mdomo mpaka nikasikia chumvi. Derrick akamtazama yule mama, akashangaa, akafuata macho yake, na namshukuru Mungu, akaelewa. Hakuificha mfukoni. Aliiweka mezani, kioo juu, karibu na Biblia, akaisogeza upande wa shahidi kisha akaondoa mkono.

Mama Khainza akasema. Nitawapa maneno yake kama yalivyo, maana niliyashika yote.

"Sikukosea. Nimekaa benchi lile siku nyingi. Nimeona watu wawili wakishika kile kitabu kingine, wakasema walimwona mkwe wangu mjini, na mimi nilikuwa nyuma yake mlimani. Kitabu hiki nimeona anacho huyu mama. Akiwa hajui, anasema mbele ya watu kwamba hajui, anakifungua, anamwonyesha mtu aliyefungwa. Nikasema moyoni, mimi nitashika hicho."

Derrick alitafsiri yote, "mimi" kwa "mimi". Mama Khainza alikuwa bado hajamaliza. Alinyoosha mkono mmoja mezani.

"Nipeni na kile kingine," akasema. "Nitashika vyote viwili."

Hakimu hakutabasamu. Aliandika kwa muda mrefu, tukasikia kalamu tu. Kisha akaamuru kamusi irudi mezani, shahidi aapishwe upya kwa Biblia, na ushahidi utolewe tena tangu mwanzo, bila kuacha kitu. Mwendesha mashtaka akasema sawa, ila atauliza maswali yake yote tena. Akayauliza yote, na mengine makali zaidi. Mlango, mvua, mgongo, mguu wa mume, njia. Mama Khainza akarudia vile vile, akachoka, akaomba maji, akarudia. Alipofika kwenye visigino Derrick akainua mkono, akasema, "Mheshimiwa, naomba kutafuta neno," na akainama juu ya simu pale pale mezani ilipolala. Alikuwa nalo tangu mwanzo, tena mimi najua alikuwa nalo. Akaigeuza upande wa shahidi kwanza.

Watu wote chumbani wakatazama chini kwa pamoja. Mafabi bado alikuwa ameelekea ukuta, amevaa ndala, visigino vyake vinatutazama. Hakimu akasimama nusu kwenye kiti ili aone. Uzi haukuwepo tena, rumande ilikuwa ndefu, lakini kwenye kisigino cha kushoto ufa ulipanda mpaka juu, na pande zake mbili kulikuwa na vidoti vya sindano. Mabega ya Mafabi yalikuwa yanatetemeka. Hakugeuka.

Mwendesha mashtaka alisema kisigino hakithibitishi saa. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana ni kweli. Hukumu ilisubiriwa, na kungoja kule kulinipunguza kilo. Niliota kwamba Mafabi amefungwa kwa sababu ya mkono wangu wa kulia. Khainza alikuwa akipita sokoni ananisalimia, na mimi najifanya kuchagua nyanya.

Hakimu aliposoma, alisema mashahidi wawili wa ghalani walipishana kwenye mambo makubwa, na kwamba mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kutokuja alikuja, akaulizwa mara mbili, na hakubadilisha. Alisema anamwamini. Mafabi akaachiliwa. Alitokea mlango wa mbele, mke na watoto wamemning'inia, na mama mkwe wake akazunguka akatokea wa nyuma. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Hakusema kuhusu kesi. Aliniuliza kile kitabu kina habari gani ndani, nikamwambia ni maneno tu, yote, moja moja. Akasema hata hivyo nikitunze vizuri.

Sasa jibu lenu. Kamusi ya simu ni nyepesi, haichakai, inajua breki za upepo. Ya karatasi inavunja bega, na yangu haijui nusu ya vitu vilivyomo dunia ya leo. Tumieni mtakayo, mimi sina ugomvi. Ila iwe juu ya meza. Mtu wa kizimbani hana kitu kingine cha kujulia kama unamsemea kweli au unamuuza, ana macho yake tu, basi. Mkificha mikono mmemnyang'anya hata hayo.

Juzi nilikuwa mjini kwa mambo ya dawa zangu, nikaingia mahakamani kupumzisha miguu, nikakaa lile benchi la mwisho. Derrick alikuwa anafanya kazi, mshtakiwa ni kijana mmoja mchafu, macho mekundu, anaogopa mpaka anayumba. Hakuniona. Neno likamkwama. Akainua mkono, akaomba, akalitafuta kwenye simu pale mezani ilipokuwa, akalipata. Wakili akavuta pumzi, akatazama saa. Derrick akaichukua simu, akamgeuzia yule kijana kioo, akaishika hivyo. Kijana akainama, akatazama maandishi ambayo wazi kabisa hakuyajua kusoma, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa. Derrick alisubiri mpaka akamaliza, ndipo akalisema.